Chungu Kisichotoa Moshi

Mkono wa kulia wa Walubengo ulimwaibisha mara ya kwanza mbele ya mteja. Mteja huyo alikuwa mkulima kutoka kijiji cha Kwanza aliyeleta betri ya trekta, na kabla ya kusema shida yake alinyoosha mkono wa salamu kama watu wanavyofanya. Walubengo naye akaunyoosha wake. Lakini kuanzia kwenye kifundo, kiganja kilining'inia kikitazama chini, vidole vimelegea kama kitambaa kilichoanikwa. Mkulima alikishika kwa shida, akakitikisa, kisha akamtazama fundi usoni. Alidhani anadharauliwa. Kwetu huku, mtu akikupa mkono wa namna hiyo, amekwisha kukuambia anachokuwazia.

"Pole, mzee," Walubengo akasema. "Nimelalia hii mkono vibaya."

Uongo huo aliurudia wiki nzima mpaka akaanza kuuamini mwenyewe. Wiki ya pili mkono ulikuwa vilevile. Haukuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Kingekuwa kidonda angejua pa kupaka dawa. Mkono huu ulikuwa kimya tu. Uliweza kubeba ndoo ukishikishwa, lakini kuinua kiganja juu, hapana. Alikuwa akiuweka juu ya meza, anaukazia macho, anauamuru kimoyomoyo, nao unamlalia pale mezani kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Ni vizuri umjue mtu huyu. Walubengo alikuwa fundi wa betri mjini Kitale kwa miaka ishirini na minane. Alizaliwa Naitiri, akaja mjini akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma, akapata ufundi, na ufundi ukampa mke na jina. Betri iliyokufa, ambayo wengine wangemwambia mwenyewe akaitupe, yeye aliipasua kifuniko, akatoa pleti mbovu, akaweka nzima, akaziunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi hii si ile ya bunduki. Ni madini mazito ya kijivu yanayokaa ndani ya kila betri. Aliyayeyusha katika sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, nyuma ya duka, mahali peupe, akayateka kwa upawa mrefu na kuyamimina kwenye kalibu kutengeneza vile vichwa viwili vya juu ambavyo nyaya hufungwa. Vichwa vyake vilikuwa laini, havina tundu wala kovu. Wenye malori walikuwa wanavitambua hata betri ikiwa imeuzwa mara tatu. Wakisema, "Hii ni ya Walubengo," alijitia hajasikia, lakini siku hiyo alikula ugali mkubwa.

Sasa upawa haukushikika. Mwenye kazi kama hii bila mkono wa kulia ni mtu wa kukaa dukani kutazama wapita njia, na Walubengo hakujua kukaa.

Watu wa mjini walimtibu kwa maneno kabla hajafika kwa daktari. Mmoja alisema ni stroki. Mwingine akasema ni mshipa umekanyagana, achuliwe kwa mafuta ya ng'ombe. Wa tatu, ambaye naye alikuwa fundi wa betri mtaa wa pili, alisema pole sana kwa sauti tamu mno, na Phelista, mke wa Walubengo, hakuipenda pole hiyo. Alianza kumwombea mume wake kila asubuhi huku amemshika kile kiganja, na akaongeza maziwa.

Maziwa yalikuwa sheria ya kazi. Marehemu Kinyua, mzee aliyemfundisha ufundi, alikuwa akisema hakuna kugusa risasi kabla ya kunywa kikombe kizima cha maziwa. Ati maziwa yanaiosha sumu tumboni, inashuka nayo mpaka chini, mambo yamekwisha. Mafundi wote wa betri mjini hapo walinywa maziwa. Kinyua mwenyewe alikufa akiwa amepita miaka themanini, basi nani angembishia? Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni kwamba miaka yake ishirini ya mwisho Kinyua hakuyeyusha kitu. Alikaa kwenye kiti mbele ya duka akipokea wateja, wengine wakiyeyusha.

Dada yake Walubengo, Beth, ambaye ni karani wa serikali huko Bungoma, ndiye aliyekasirika. Alipiga simu akasema mtu mzima hawezi kukaa na mkono uliokufa akisubiri miujiza, apande gari aje. Walubengo akaenda. Beth akampeleka kwenye kliniki ndogo karibu na msikiti, kwa daktari mmoja anayeitwa Leila, mtoto wa mji, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi.

"Mzee unafanya kazi gani?" Leila aliuliza, ameukunja ule mkono na kuukunjua.

"Betri."

"Unayeyusha risasi?"

"Miaka ishirini na nane sasa."

Leila aliacha kuukunja mkono. Akamwambia afungue mdomo, akauinua mdomo wa juu kwa kidole, akatazama muda mrefu. Kisha alitoa kioo kidogo kwenye droo akampa. "Jiangalie mwenyewe. Hapo ufizi unapokutana na meno."

Walubengo alitazama. Kulikuwa na mstari wa samawati iliyokolea, karibu uwe mweusi, mwembamba, umefuata meno moja baada ya jingine kama uliochorwa kwa kalamu. Hakuwahi kuuona. Mwanamume wa miaka hamsini na minne hana sababu ya kujikagua ufizi.

"Hiyo si uchafu," Leila akasema. "Hata ukipiga mswaki namna gani haitoki. Hiyo ni risasi. Ukimwona mtu na huo mstari, ujue imeshaingia kwa damu yake na inatembea. Ndiyo imekula mishipa ya mkono wako."

"Na mkono utarudi?"

"Unaweza kurudi. Nimesema unaweza, sijakuahidi. Lakini lazima uachane na risasi kabisa. Ule moshi unavuta, lile vumbi unafagia, hata chakula unakula na hizo mikono. Uache miezi sita, halafu ukuje nikuangalie tena."

"Lakini mimi nakunywa maziwa, daktari. Kila asubuhi."

"Maziwa ni chakula, mzee. Haiwezi kutoa risasi."

Beth akamgusa kaka yake begani. "Umesikia, Walubengo?"

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Lakini kutoka Bungoma hadi Kitale ni mwendo wa kutosha mtu kuyachambua aliyoambiwa, abaki na yale anayoyaweza. Aache kazi kabisa, aende wapi? Shamba la baba yake kule Naitiri lilikuwa limegawanywa kwa ndugu sita, na fungu lake lilitosha nyumba na migomba miwili. Kuhusu maziwa, yule daktari alikuwa mtoto, angemjulia wapi Kinyua? Vumbi, kila mtu anafagia. Chakula, kila mtu anakula. Mpaka anashuka Kitale alikuwa amebakiwa na moshi peke yake. Moshi aliukubali. Moshi aliujua, ulimwasha macho, ulimkohoza, ulikuwa umeutia ukuta wa nyuma ya duka rangi ya sufuria. Ikiwa kuna kitu kilichokuwa kimemuua mkono, ni moshi.

"Daktari alisema aje?" Phelista aliuliza, hata hajamwekea chai.

"Amesema niache moshi."

Basi. Ule mstari hakuutaja. Alijiambia hataki kumtia mama wa watu hofu. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona haya, kama mtu aliyekutwa na chawa.

Wazo la chungu cha stima lilimjia kanisani, na mahubiri yote ya siku hiyo yalimpita. Ikiwa makaa ndiyo yenye moshi, ayaondoe makaa. Stima haina moshi. Na ikiwa mkono haushiki upawa, auondoe upawa pia, risasi iteremke yenyewe chini ya chungu kupitia tundu, tundu lifunguliwe kwa mguu. Mguu ulikuwa mzima. Alitoka kanisani anatembea haraka, na Phelista akadhani amebarikiwa.

Alikwenda kwa Nasir, fundi wa stima aliyekuwa na kibanda jirani, mtu waliyekopeshana bisibisi na nyundo kwa miaka. Nasir alikuwa na kuka ya stima, jiko la umeme lililotoka kwenye hoteli iliyofungwa, na ndani yake koili mbili, zile nyaya zinazotoa joto, bado zilikuwa nzima. Walubengo alichukua mtungi mdogo wa gesi usio na kitu, akaujaza maji kwanza kama inavyotakiwa, akaukata katikati, nusu ya chini ikawa chungu. Koili wakazizungushia chungu kwa nje. Juu ya koili wakapaka udongo wa ufinyanzi aliouagiza Misikhu kwa akina mama wa vyungu, uliochanganywa na majivu na manyoya ya mbuzi ili usipasuke. Halafu yote wakayatumbukiza ndani ya debe la rangi, na nafasi iliyobaki wakaijaza majivu makavu. Kipimo cha joto na taa yake nyekundu walivitoa kwenye pasi iliyokufa.

Tundu la chini ndilo lililomsumbua. Lilitobolewa, likazibwa kwa chuma kilichosuguliwa ncha kikalifuata tundu sawasawa, na chuma hicho kilipaswa kuinuliwa kidogo tu na kurudi papo hapo. Walubengo alijaribu waya, akajaribu springi ya pikipiki. Ndipo Phelista, ambaye ni fundi cherehani, alipokwenda nyuma ya nyumba akarudi amekumbatia kanyagio la cherehani yake ya kwanza, ile aliyoianzia maisha.

"Si hii inapanda na kushuka?" akasema. "Chukua."

"Mama Tonny, hii ulisema hautaiuza."

"Nimeuza? Nakupatia."

Tonny ni mtoto wao, anafanya kazi Nakuru. Kwa hiyo wazee walikuwa wawili nyumbani, na ule ujenzi waliufanya wawili. Walubengo alitumia mkono wa kushoto, na pale ulipohitajika wa pili, Phelista aliweka wake. Alishika msumeno, alikanda udongo, alikaza nati huku akiambiwa, "Polepole, hiyo si kifungo." Ilichukua wiki saba. Wiki zote hizo Walubengo hakuyeyusha risasi hata tone. Wateja aliwaambia wasubiri, na wengi walisubiri.

Wiki ya tano, asubuhi moja, aliuweka mkono juu ya meza kama kawaida yake na kuuamuru. Kidole cha shahada kikainuka. Kikainuka kidogo, kikatetemeka, kikashuka. Akakiamuru tena, kikainuka tena. Walubengo alimwita mke wake. Phelista alitazama kile kidole kinavyopanda na kushuka, akaketi kitandani, akalia. Mpaka wiki ya saba kiganja chote kilikuwa kinainuka nusu.

Hapo ndipo ningependa kumshika bega nikamwuliza, Bwana wee, huoni? Wiki saba bila risasi na mkono unarudi, unatafuta nini tena? Lakini Walubengo alikuwa na majibu yake tayari. Ilikuwa ni maombi ya Phelista, na maziwa, na zaidi ya yote ilikuwa ni kuuacha moshi. Aliona dhahiri kwamba daktari alisema kweli kuhusu moshi. Nami siwezi kumlaumu sana kwa hilo, maana hata mimi ningependa kupona bila kupoteza chochote.

Chungu kiliwashwa mwezi wa saba. Kwa kuwa kilihitaji soketi, kiliwekwa ndani, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Mara ya kwanza Walubengo aliacha mlango wazi, upepo wa Kitale ukaingia, risasi ikawa inagandia kwenye tundu. Akafunga mlango. Upepo ukapita chini ya mlango. Akaweka gunia. Dirisha lilikuwa na kioo kilichovunjika, akakiziba kwa katoni. Baada ya hapo chungu kikatulia. Akakanyaga kanyagio, na risasi ikateremka nyembamba, nyeupe, bila kelele, ikajaa kwenye kalibu. Kichwa cha betri kilipopoa akakigeuza mwangani. Hakikuwa na tundu wala kovu.

Nasir alikuja kuona kazi yake, akazunguka chungu, akasifu. "Lakini si ufungue dirisha, Walubengo? Hii hewa ni nzito bana."

"Ya nini na hakuna moshi? Angalia."

Akatoa kitambaa chake cheupe cha Jumapili, akakishikilia juu ya chungu kwa mkono wa kushoto, akahesabu mpaka mia moja. Kisha akakikunjua mbele ya uso wa Nasir. Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye sanduku. Nasir akacheka, akasema umenishinda. Tangu siku hiyo kila aliyeingia alionyeshwa kitambaa. Wateja walionyeshwa, mchungaji alionyeshwa, hata yule fundi wa mtaa wa pili mwenye pole tamu alionyeshwa, na akaondoka na wivu wake.

Mwezi wa saba Kitale ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, na mvua haina adabu. Phelista alikuwa akishonea kwenye veranda mbele ya duka, shali mabegani, vidole vimekufa ganzi.

"Mama Tonny, leta cherehani ndani," Walubengo alimwambia. "Huku kuna joto na hakuna moshi. Unakaa kwa baridi ya nini?"

Akaileta. Aliiweka hatua mbili kutoka kwenye chungu, chini ya taa. Nakuambia zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote walizopata kuwa nazo. Miaka yote ya ndoa walikuwa wakionana jioni, mmoja ananuka makaa na mwingine ana uzi mdomoni, wote wamechoka. Sasa walikaa pamoja kutwa. Yeye alikanyaga kanyagio lake na mkewe lake, wakizungumza habari za Tonny na za watu wa kanisa, na saa nne Phelista alimimina maziwa vikombe viwili wakanywa papo hapo. Mihogo ya kuchemsha waliila papo hapo. Jioni Walubengo alikwangua takataka ya kijivu iliyoelea juu ya risasi, akaitia kwenye mkebe chini ya meza, na Phelista akafagia sakafu kwa ufagio mkavu, vumbi likaelea kwenye mwanga wa taa, likashuka.

Mwisho wa mwezi wa nane kidole cha shahada kilikataa kuinuka.

Walubengo alikiamuru mara tatu. Alisema ni baridi. Siku ya pili akasema amekitumia kupita kiasi. Baada ya wiki mbili kiganja kizima kilikuwa kimelala pale mezani kama zamani, na kifundo cha mkono wa kushoto kikawa kinachoka kabla ya saa sita. Hakumwambia mtu. Alikata tamaa kimyakimya, akaendelea kuonyesha kitambaa. Alikuwa anaamka akiwa amechoka, analala akiwa amekasirika, na katikati hapo anafanya kazi kwa kuwa hakujua jingine la kufanya. Beth alipiga simu kumkumbusha miezi sita ya daktari. Alimjibu kwamba anaendelea vizuri, moshi ameuacha kabisa. Beth akamshukuru Mungu.

Phelista naye alianza kulalamika tumbo. Lilimkaza upande wa kitovu, siku tatu haendi choo, kisha linaachia, kisha linakaza tena. Alilaumu maharagwe akayaacha. Akalaumu mihogo. Duka la dawa walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo, na jirani akamletea mizizi chungu ya kuchemsha. Kichwa kilimuuma pia, lakini alisema hicho ni cha miwani. Walubengo alimwongezea maziwa.

"Kunywa, mama. Hii itakuosha."

Alhamisi moja, mwezi wa kumi, mvua ilikuwa imekatika na jua limepasua mawingu. Katoni ya dirishani ilikuwa imelowa na kuanguka upande mmoja, mwanga ukaingia chumbani moja kwa moja. Walubengo alikuwa ameweka risasi kwenye chungu na anangoja iyeyuke. Phelista alikuwa anamaliza koti la mzee Hesbon, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye kujiheshimu sana, anayekusanya sadaka kila Jumapili. Alikata uzi kwa meno, akalikung'uta koti, akalinyanyua juu alitazame.

Walubengo naye akatazama. Mfuko wa pembeni ulikuwa umeshonwa juu chini, mdomo wake umetazama sakafu. Ulikuwa umeshonwa vizuri sana, mishono miwili, kona zimekazwa. Phelista hakuwahi kukosea mfuko tangu alipokuwa msichana wa kujifunza. Alikuwa fundi ambaye wenzake walimletea kazi zao zilizoharibika. Alilitazama koti kama mtu aliyeletewa maiti asiyoijua.

"Mimi nimefanya hii?" akasema polepole. "Ni mimi nimeshona hii?"

Walubengo aliona macho yake yanataka kujaa, na hakuweza kulivumilia hilo. Alikuwa mume mwema, hata sasa sitamnyima sifa hiyo. Akatafuta maneno ya kumtoa pale.

"Hiyo ni sawa tu," akasema. "Mzee Hesbon akiweka sadaka kwa hiyo mfuko, inaanguka hapo hapo kanisani. Safari hii itafika yote."

Phelista alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kile cha zamani ambacho Walubengo hakuwa amekisikia tangu chungu kimalizike. Alicheka akaliangusha koti mapajani, akarudisha kichwa nyuma, mdomo wazi, uso wote umeelekea dirishani. Jua likamwingia kinywani.

Mstari ulikuwa pale. Ufizi wa juu, pale unapokutana na meno, samawati iliyokolea, mwembamba, umefuata meno moja baada ya jingine.

Walubengo aliiona kliniki ya Bungoma, kioo kidogo, kidole cha daktari. Aliona vikombe viwili vya maziwa vya saa nne. Alijiona amesimama pale mlangoni na kusema, leta cherehani ndani. Alitaka kuwe na kosa. Alitaka kiwe ni kivuli, au ni uzi wa bluu umemganda kwenye meno, maana mkewe alikuwa amekata uzi kwa meno sasa hivi.

"Cheka tena," akasema.

"Nini?"

"Cheka tena nione."

Phelista aliziba mdomo kwa kiganja, macho yanacheka bado. Alidhani anachezewa, kama wakati ule wa ujana wao. "Ati nicheke? Wewe mzee leo una nini?"

Uzi wa kotini ulikuwa mweusi. Walubengo aliuona umelala pale mapajani pa Phelista. Akainuka. Alikwenda ukutani, akaishika plagi kwa mkono wa kushoto, akavuta mara mbili kwa sababu mara ya kwanza vidole viliteleza. Taa nyekundu ya chungu ikazimika.

"Baba Tonny, mbona unazima na haujamwaga? Si itaganda kwa tundu?"

"Wacha igande."

Alijua maana yake. Risasi ikigandia mle ndani kwenye chuma cha tundu, ambako joto la koili halifiki la kuiyeyusha tena, huwezi kukitoa bila kuvunja udongo, na ukivunja udongo umevunja koili. Kazi yao ya wiki saba ilikuwa imepotea. Akalivuta gunia kwa mguu, akafungua mlango wote. Baridi ikaingia na harufu ya udongo uliolowa, na nje mtu akapita akisalimia, naye hakuitika.

Alisimama pale kizingitini akamgeukia mkewe. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa yaleyale ya Leila, angeyasema moja moja, kama alivyopaswa kuyasema miezi mitano iliyopita. Alifungua mdomo. Ndipo alipokumbuka kwamba ufizi wake nao una mstari, na ya kuwa Phelista akimtazama sana ataujua, na atajua pia kwamba mumewe aliujua tangu Bungoma. Akafunga mdomo.

"Basi hautaki kuniambia," Phelista akasema. Alikuwa ameanza kujikunja, mkono mmoja tumboni. "Na unaniletea baridi bure. Toka hapo."

Aliinuka, akampita mumewe mlangoni, akaufunga mlango, akalisukuma gunia mahali pake kwa mguu. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na chungu, akakiwekea viganja vyote viwili, kwa kuwa kilikuwa bado kina joto.